Lango la Kukodi

Niliandika barua moja, nikaituma kwa watu mia sita na kumi:
asali ya msimu imekamuliwa, chupa ziko tayari,
bofya hapa uone bei.
Sikutia chumvi. Hata picha ya mzinga niliipiga mwenyewe,
kidole kikiwa kimevimba.

Saa tatu usiku Daktari Adroma akanipigia kutoka Kampala.
Hakunisalimu.
"Onziru, umeanza lini wizi?"
Alikuwa amebofya, na ukurasa mwekundu ukamzibia njia:
HATARI. Huenda walio mbele wanataka kuiba nywila zako.
Mimi? Nywila za daktari nizifanyie nini,
nizipake kwenye mkate?

Jina langu, kwa wasiojua Kilugbara, maana yake ni mbaya.
Si kwamba mimi ni mbaya.
Mama alinizaa mwaka aliogombana na mawifi zake,
akanibandika ugomvi wao kama stempu.
Kwa hiyo nawajua wanaosoma bahasha
wakatoa hukumu, barua haijafunguliwa.

Asubuhi nilimfuata Fadhmulla kule Oli,
chumba cha feni moja na kompyuta tatu zilizovuliwa maganda.
Akasogeza kishale juu ya lile neno *hapa*, asibofye.
Chini pembeni, kwa herufi za sisimizi,
ikajitokeza anwani nisiyoijua,
ndefu, imejaa tarakimu, kama jina la dawa.
"Umeandika asali," alisema,
"lakini mlango unafungukia kwingine kwanza."

Kampuni ninayoilipa inisambazie barua
humpitisha kila mgeni kwenye lango lake,
ipate kunihesabia: fulani kabofya, fulani kapita.
Nilizipenda hesabu zile.
Sikuuliza nani mwingine analitumia lango.

Akanikumbusha lori la mwaka juzi:
madumu yangu ishirini juu ya mizigo ya watu,
na chini kabisa, sigara za magendo zilizovukia Vurra.
Pale Karuma askari hakuonja asali.
Alishusha vyote. Siku mbili juani,
mpaka nyuki wa kule wakaja kudai chao.

"Lango ndilo lile lori. Jana tapeli kalipitia na zawadi ya uongo,
juzi mwingine na benki ya bandia.
Mlinzi hamjui Onziru. Ameliandika lango."

Nikasema, basi mlinzi mpumbavu.
Akaniuliza: dada yako alipoteza ngapi mwezi wa pili?
Nikanyamaza.
Laki nane. Na ujumbe ule ulikuwa na nembo nzuri kuliko yangu.

Kisha akanifunulia aibu nyingine:
wale wateja arobaini waliobofya sekunde ileile barua ilipofika
hawakuwa watu.
Walikuwa walinzi, mashine, wakipapasa viungo kabla ya mwenyewe kuamka.
Nami nilishawaandikia asante.

Dawa haikuwa ndefu: niwe na lango langu,
kwa jina la duka langu, kufuli mahali pake,
kinachosomeka na kinachofunguka wawe ndugu wa tumbo moja.
"Duka linaitwaje?"
Onziru.
Fadhmulla ni Mnubi aliyekulia kati yetu; maana anaijua.
Akaliandika, herufi kwa herufi, hakucheka.

"Usitume mia sita," akaonya nikiwa mlangoni.
"Jina jipya nalo hushukiwa. Anza na wanaokufahamu."

Leo nimetuma thelathini, ya kwanza kwa daktari.
Nimekaa kizingitini, nta kwenye kucha,
nasubiri tarakimu ipande.
Imepanda. Moja.
Yaweza kuwa yeye. Yaweza kuwa askari anapapasa.

Simu inalia.
"Habari za jioni, Onziru,"
na baada ya hapo, kikohozi kidogo cha mtu mzima,
halafu anauliza kama chupa kubwa zimebaki.